Mnara wa Chuma wa Rugomora Mahe

Mwaka 2007, katika mji wa Kyoto nchini Ujapani, bwana mmoja aitwaye Takao Kato aliwaalika watu waje wafungiwe kwa hiari yao wenyewe, wakipewa muda mfupi na mafumbo mengi, ili atakayetoka atoke kwa akili yake na ya wenziwe. Na mchezo huo, ambao wengi waliudhania kuwa ni mzaha wa kupita, ukaenea katika miji mikubwa ya dunia, hata leo vijana wa London na wa Dubai hutoa fedha zao ili waingie katika vyumba vilivyopambwa mfano wa vyombo vya angani, ambamo taa huwaka nyekundu, sauti ya mtambo huwaonya kuwa hewa yakaribia kuwaishia, na kundi zima huhangaika kutafuta nambari za siri kabla ya dakika 60 kwisha. Husifiwa mchezo huo kuwa ni jambo jipya kabisa, nami siupingi upya wa taa zake; ila kundi la watu kujitenga na wenzao, wakashindana na saa na fumbo, na kuielekeza hamu yao mbinguni kwa ufundi wa hali ya juu kuliko wote wa zama zao, ni jambo ambalo nchi ya Wahaya ililijua zamani sana, tena si kwa mchezo.

Alikuwako katika milki ya Kyamutwara, ambayo enzi hizo ilikuwa kubwa kuliko ile waliyoikuta Wazungu kwa jina hilohilo, Mukama, yaani mfalme, wa ukoo wa Wahinda aliyeitwa Rugomora Mahe, ambaye wanahistoria humweka katika karne ya 17, na ambaye kikale chake, yaani makao yake ya kifalme, kilikuwa Katuruka, katika nchi ya Maruku, si mbali na mji wa Bukoba wa sasa, mkoani Kagera nchini Tanzania. Wazee husimulia kwamba Mukama huyu alitamani kujua mbingu zikoje, akawaita wafua chuma, akawaamrisha wayeyushe chuma kingi na kujenga mnara utakaompandisha ajionee kwa macho yake yaliyoko juu. Chuma kikayeyushwa, kikafuliwa, mnara ukainuka, kisha ukaanguka. Mahali walipofanyia kazi wahunzi hao huitwa Kaiija, na kwa vizazi vingi mti mkubwa uliosimama hapo ndio uliokuwa shahidi wa habari hii, kila mpita njia akionyeshwa na kuambiwa.

Sisi tuliolelewa na vitabu vya dini, tukiisikia riwaya kama hiyo, mara moja hukumbuka mnara wa Babeli, au Firauni alivyomwamrisha Hamana amjengee jumba refu apate kumtazama Mungu wa Musa. Na kwa sababu hadithi hizo mbili zatufunza ubaya wa kiburi, twamhukumu Rugomora Mahe kwa hukumu ileile, tukaondoka tukiwa tumeridhika. Naona tunamdhulumu. Wajenzi wa Babeli walichoma matofali, na Hamana naye aliambiwa awashe moto juu ya udongo, lakini mnara wa Katuruka ulikuwa wa chuma. Na msimulizi wa Kihaya, badala ya kukaa sana juu ya dhambi za mfalme, hukutajia kazi iliyofanywa, watu walioifanya na mahali ilipofanyika, kama atajaye mipaka ya shamba mbele ya baraza. Warotse wa Zambia nao wana habari za watu waliounganisha miti ili wamfikie Mungu aliyewakimbia, na miti ikaanguka. Kwa hiyo hamu ya kupanda juu si ya Wahaya peke yao. Chuma ndicho chao.

Ilitokea kwamba mwaka 1969 alifika Bukoba kijana wa Kimarekani, Peter Schmidt, mwanafunzi wa elimu ya mambo ya kale, ambaye, tofauti na wengi wa fani yake waliokuwa wakianza na jembe na kumaliza na jembe, alianza kwa kukaa na wazee na kusikiliza. Wazee wakamtajia Rugomora Mahe, wakampeleka Kaiija, na yeye akachimba palepale walipomwonyesha. Chini ya ardhi akakuta mashimo ya wafua chuma, mavi ya chuma, makaa, na vigae vya ule ufinyanzi wa kale uitwao Urewe, ambao hupatikana kandokando ya Ziwa Viktoria tangu Siaya, nchini Kenya, mpaka Rwanda na Burundi. Makaa yalipopimwa umri, yalionekana kuwa si ya karne ya 17 hata kidogo: kazi ya chuma mahali hapo ilikuwa na umri wa miaka ipatayo 2000, na baadhi ya vipimo vilirudi nyuma hata karne kadhaa kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Vipimo hivyo vya mbali zaidi vimezua mabishano, kwa kuwa mti uliozeeka kabla ya kuchomwa makaa huweza kumdanganya mpimaji, na mimi simlaumu anayevipokea kwa tahadhari. Lakini hata ukiviondoa vyote, wahunzi wa Katuruka wamtangulia Rugomora Mahe kwa zaidi ya miaka 1000.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Wahinda walikuja wakiwa watawala, wakazikuta koo zilizokuwa na ardhi, mizimu na tanuri zao. Na mtawala mgeni asiyefungamana na chuma, ambacho ndicho mkuki na ndicho jembe, hakuwa na utawala wa kudumu. Schmidt mwenyewe aliona kuwa kujenga kikale karibu na Kaiija kulikuwa njia ya kuitwaa heshima ya mahali palipokuwa patakatifu zamani. Mambo ya jinsi hii yalijulikana pia katika Karagwe, ambako Speke na Grant walipokewa na Rumanyika mwaka 1861, na ambako nyundo na ng'ombe wadogo wa chuma waliwekwa miongoni mwa vyombo vya ufalme. Rawi wa Kihaya, basi, alikuwa amehifadhi mambo mawili kwa pamoja, la mfalme wa juzi na la mafundi wa kale kabisa, na akayafunga kwa mnara mmoja.

Ni ajabu pia kwamba katika siku zilezile za uchimbaji wa Katuruka, Waitaliani walikuwa na majukwaa yao ya chuma yaliyosimamishwa baharini Ras Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikarushwa setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Rugomora Mahe angeielewa haja yao bila ya mkalimani.

Sasa yafaa tuikaribie tanuri yenyewe. Kwanza huchimbwa shimo duara, na kuta zake hupakwa udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo huo hustahimili moto kuliko udongo mwingine. Ndani ya shimo huchomwa matete na nyasi za bwawa, fungu baada ya fungu, mpaka shimo lijae masalia meusi yaliyoungua nusu, mepesi, yenye matundu. Na kazi ya masalia hayo ni kupokea uchafu wa mawe ya chuma utakapoyeyuka na kudondoka, hata leo ukiokota mavi ya chuma ya kale katika ghuba ya Kemondo waweza kuona alama za matete zimechorwa juu yake. Juu ya shimo hujengwa mnara mfupi, mpana chini na mwembamba juu, wa vipande vya mavi ya chuma ya zamani vilivyoungwa kwa udongo uleule wa kichuguu. Pembeni, chini, hupitishwa mirija ya udongo iliyofinyangwa na kuchomwa, ambayo huingia mpaka ndani ya tanuri, na nyuma ya kila mrija huketi mtu na mivukuto yake, vyombo viwili vilivyofunikwa ngozi ya mbuzi, kila ngozi na kijiti chake, mkono mmoja ukipanda mwingine ukashuka. Mawe ya chuma hukaangwa kwanza kwenye moto wa kuni, yapoteze maji na kulegea, kisha hupondwa na kutiliwa juu kwa zamu na makaa. Saa nyingi hupita. Avukutaye akichoka hupokewa bila ya pumzi kukatika, kwa maana hararati ikishuka kati ya kazi, makaa yote ya msitu ule na jasho lote la siku ile huwa yamepotea bure. Na nyimbo ambazo watu huimba hapo, nyingine zisizofaa kuimbwa mbele ya wakwe, ndizo ziwawekeazo mapigo ya mikono.

Mwenye kuutazama mchezo wa Kyoto baada ya kuyajua haya huona tofauti moja kubwa, kwamba wachezaji hufungiwa na mwenye chumba, ilhali wahunzi walijifungia wenyewe. Walikaa mbali na vijiji, wakaacha wake zao muda wote wa kazi, na katika shimo la tanuri wakatia dawa zao, kwa itikadi kuwa tanuri ni mfano wa tumbo la uzazi na chuma ni mtoto atakayezaliwa humo. Na mwanamke aliyekuwa katika siku zake hakuruhusiwa hata kupakaribia. Mtu wa leo huweza kuyacheka haya. Lakini fikiri: hapakuwa na kipimajoto, hapakuwa na kitabu, na mambo yote ya lazima, rangi ya moto, sauti ya mrija unaoziba, uzito wa makaa, yalikuwa katika vichwa vya watu wachache ambao kila mmoja alijua sehemu yake; taratibu zile kali ndizo zilizowafanya wawe kundi, na pasipo kundi hakuna chuma.

Mwaka 1976 jambo hili lilithibitika kwa namna ya pekee. Schmidt na mwenziwe Donald Avery, mtaalamu wa madini, waliwaomba wazee wa Kihaya ambao walipata kuifanya kazi hiyo ujanani wajenge tanuri na kuyeyusha chuma tena, baada ya miaka ipatayo 50 ya kuiacha. Mara za kwanza ziliwatesa. Huyu alikumbuka shimo, yule alikumbuka mirija, wa tatu alibisha juu ya makaa. Na kidogo kidogo, kwa kubishana na kukosolewa na moto wenyewe, wakaikusanya elimu iliyokuwa imetawanyika katika vichwa vyao, mpaka tanuri ikatoa chuma chenye kaboni ya kutosha kuitwa pua. Vipimo vyao vilionyesha hararati iliyopita digrii 1800 za Selsiasi. Schmidt na Avery wakaeleza kuwa siri ilikuwa katika ile mirija iingiayo ndani, kwamba pumzi hupata moto kabla ya kuyafikia makaa, maarifa ambayo Ulaya iliyapata katika karne ya 19. Na maelezo hayo yalipingwa na wataalamu wengine, ambao hawakubali kuwa pumzi yaweza kupata moto kiasi hicho katika safari fupi kama ile. Ubishi huo wa pumzi na uendelee huko maabara. Chuma kilichotoka hakikanushiki.

Habari hizo zilitangazwa katika jarida la Science mwezi wa Septemba 1978, na magazeti ya Marekani yakashangaa. Ila kabla ya mwezi wa Oktoba kwisha majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevuka mpaka, daraja la Kyaka likavunjwa, na watu wa Kagera wakawa na mambo mengine ya kuwashughulisha kuliko sifa za babu zao.

Upande wa kusini, katika Ihangiro, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya wilaya ya Muleba ya leo, habari ya chuma ilikuwa hasa ya biashara. Huko nchi inapakana na Buzinza, maskani ya Warongo, mafundi mashuhuri ambao hawakuwa kabila kwa nasaba, kwani waliwapokea watu wa koo mbalimbali na kuwafunza kazi; na majembe ya Buzinza yalisafiri mbali kandokando ya ziwa, yakilimia na yakitolewa mahari. Biashara hiyo na tanuri za Bukoba zilikufa kwa sababu zilezile. Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Zikafuata bidhaa, na jembe la kiwandani, ambalo halikuhitaji msitu kukatwa wala mume kuihama nyumba yake, likawa rahisi. Hermann Rehse aliyeandika juu ya Kiziba, milki nyingine ya Wahaya, katika kitabu kilichochapwa mwaka 1910, aliwahi kuikuta kazi hiyo ingali hai, lakini baada ya Vita Kuu ya kwanza ilididimia upesi. Wahunzi hawakutoweka, wakawa wafuaji wa chuma chakavu tu, na kijana wa Kamachumu aliyetaka fedha alipanda buni.

Pigo la pili lilikuwa la watu wenyewe. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata walikufa watu wazima wengi mno waliokuwa wapokee masimulizi kutoka kwa wazee wao, wakati wazee nao wakiondoka kwa umri. Ndipo watu wa Katuruka, katika miaka ya 2000, walipoanza wao wenyewe kuyakusanya yaliyosalia, wakapatengeneza mahali pa Kaiija na pa kikale cha Rugomora Mahe ili wageni wapate kupaona, na wakamwalika Schmidt, sasa mzee, afanye kazi nao kwa masharti yao. Walipokwenda nyumba kwa nyumba kuuliza ni nani bado anayajua mambo ya mfalme, ya mizimu na ya wahunzi, walikuta kwamba wengi wa wenye kuyajua ni wanawake, ambao tanuri yenyewe hawakupata kuiona ikiwaka.