Nani Atashika Kazi Yako?

Ukisafiri kutoka Nairobi kwenda Thika, utapita Ruiru, penye kituo cha utafiti wa kahawa. Hapo, mwaka 1971, wataalamu walianza kutafuta aina ya kahawa itakayoushinda ugonjwa unaoozesha buni, uliokuwa umewatia wakulima hasara kubwa. Aina hiyo, iitwayo Ruiru 11, ilitolewa mwaka 1985. Kazi ya miaka 14 si ya mtu mmoja. Aliyetangulia hana budi kumfundisha anayefuata, la sivyo kazi hufa naye.

Basi tuendelee na safari mpaka Thika, tukaone kazi ngumu zaidi, maana huko wanakuzwa watu, si miti. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilianzisha Thika shule ya watoto wasioona, ya kwanza katika Kenya. Siku hizo wengi waliamini kwamba mtoto kipofu hafundishiki, na kwamba fungu lake ni kuketi mlangoni au kuombaomba njiani. Thika mtoto huyo alipewa karatasi yenye nukta nundu, akafundishwa kuzisoma kwa ncha za vidole.

Nukta hizo zatoka wapi? Louis Braille alizaliwa Ufaransa mwaka 1809. Akiwa na miaka mitatu alijichoma jicho kwa chombo cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake, na baadaye akapofuka macho yote mawili. Alipelekwa katika shule ya vipofu mjini Paris, na mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 15, alitengeneza maandishi yake ya nukta sita. Hakuyaficha. Akawa mwalimu katika shule ile ile. Baadaye mkuu mpya wa shule aliyakataza maandishi hayo, lakini wanafunzi waliendelea kufundishana kwa siri. Braille alifariki mwaka 1852, na miaka miwili baadaye shule yake ikayakubali rasmi. Nani aliyeyaokoa? Ni wale aliowafundisha.

Ndivyo urithi huo ulivyofika hata Thika. Mwaka 1967 ilianzishwa pia shule ya sekondari ya wasioona. Huko alisoma Reuben Kigame, aliyepoteza macho yake akiwa na umri wa miaka mitatu. Alianza Kibos, karibu na Kisumu, akaja Thika, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Kenyatta, kando ya barabara iyo hiyo tuliyopita leo. Akawa mwimbaji mashuhuri wa nyimbo za injili, naye hakuimba peke yake, bali aliwakusanya wengine katika kikundi cha Sifa Voices. Aliyeongozwa akawa kiongozi.

Msikilizaji mpenzi, wako wanaoogopa kumsifu kijana. Husema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ni kweli, sifa za uongo huharibu. Lakini je, mgema asiyeambiwa hata siku moja kwamba tembo lake ni zuri, ataendelea kupanda mnazi? Mkumbuke Barnaba. Watu walipomwogopa Sauli, yeye alimshika mkono akamleta kwa mitume. Nyaraka alizoandika Paulo zasomwa hata leo, ilhali Barnaba hutajwa mara chache tu. Hata hivyo kazi yake imo ndani ya kazi ya Paulo.

Wengi wetu tunajitaabisha ili tuache nyumba na shamba. Si vibaya. Lakini shamba huuzwa na nyumba hubomoka. Ule ufundi wako, fundi cherehani. Ule uvumilivu wako, mama. Ule ujuzi wako, mwalimu, utabaki kwa nani?

Juma hili mtafute mtu mmoja. Mwonyeshe unavyofanya kazi yako, kisha mpe nafasi aifanye mwenyewe. Akikosea, usimcheke. Akifaulu, mwambie. Kwaheri, mpaka tutakapokutana tena.