Sabufa sebuleni: soma wati kabla ya kuunga waya

Ukinunua sabufa, kwenye katoni utakuta maandishi makubwa: wati 5,000, wati 10,000, na pembeni herufi PMPO. Hizo ni za kuuzia. Geuza kifaa usome kibandiko cha nyuma. Mara nyingi umeme kinaoutumia kweli hauzidi wati 100.

Namba hiyo ndogo ndiyo ya kushika, hasa kwa wasikilizaji wetu wa Ngara na Biharamulo wanaotumia sola. Sabufa ya wati 60 kwenye betri ya volti 12 hula ampea 5 sauti ikipandishwa hadi mwisho. Betri ya asidi ya 100Ah haifai kutumiwa zaidi ya nusu, kwa hiyo inakupa saa 10 hivi, bila kuhesabu TV, inveta na taa ya mtoto anayesoma. Mechi mbili za jioni zinaweza kuilaza nyumba gizani.

Boksi la besi liweke sakafuni, mbali kidogo na ukuta. Ukilibana kwenye kona besi huvuma, na nyumba isiyo na dari mabati hutetemeka hadi maneno hayasikiki. Spika ndogo zikae kushoto na kulia kwa TV, usawa wa masikio ya aliyeketi. Pini nyekundu ni ya kulia, nyeupe ya kushoto.

Mwenye umeme wa gridi hana hesabu ya betri, ila ana radi. Wingu likianza kufunga, chomoa plagi pamoja na waya wa antena. Kuzima swichi tu hakutoshi.