Redio ya Baba, Simu ya Mama: Pochi Mbili za Uchagani

Ingia sebule yoyote ya zamani kule Kibosho, Marangu au Old Moshi, zile nyumba zilizojengwa enzi kahawa inalipa. Angalia juu ya kabati. Kuna redio. Kubwa, nzito, ina kitambaa cha kufuma chini na kingine juu, imepambwa utadhani bibi harusi. Haiongei. Betri zilishatolewa kitambo. Lakini hakuna mtoto wala mjukuu anayethubutu kuitupa, kwa sababu ni redio ya baba.

Halafu shuka Kiboriloni siku ya soko. Mama amekaa na mikungu yake ya mchare, kasimu kadogo kamefungwa kwenye pindo la kanga. Kanaita. Anabishana bei na mteja ambaye hajawahi hata kumwona sura, wanakubaliana, hela inaingia humo humo kwenye simu. Hiyo simu hakuletewa na mtu. Kanunua mwenyewe, kwa hela ya ndizi.

Stori za Mchaga na hela zipo nyingi, nyingine utani tu wa vijiweni. Ila hii ya nani alikuwa anashika pochi ndani ya nyumba haisemwi sana, na ukitaka kuijua vizuri angalia vitu vilivyonunuliwa. Vitu havidanganyi.

Tuanzie mbali kidogo. Karne ya 19 misafara ya biashara ilipita mlimani ikitokea Pangani na Mombasa, imebeba merikani, shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti. Wenye sauti ya kununua hivyo vitu walikuwa Wamangi. Walilipa kwa pembe za ndovu, na tuseme ukweli, walilipa kwa watu pia, maana mateka wa vita vya Mangi huyu na Mangi yule waliishia kuuzwa pwani. Mangi Rindi wa Old Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, alisifika kwa kupenda vitu vya kigeni. Mmisionari Mwingereza Charles New alifika kwake mwaka 1871. Aliporudi mara ya pili Rindi akamnyang'anya mali zake, na New akafia njiani kurudi pwani mwaka 1875. Hapo ndo ujue uchu wa bidhaa mpya haukuanza na simu.

Sasa wakati wakubwa wanahangaika na bunduki, kulikuwa na soko lingine kabisa. La wanawake. Ndizi, maharage na vyakula vingine vya mlimani vilibadilishwa na magadi na vyungu kutoka sehemu za jirani. Hakuna aliyeandika mashairi kuhusu magadi, lakini jaribu kupika kiburu bila magadi uone. Pochi mbili zilikuwepo tayari: moja ya vitu vya kuonyesha, nyingine ya vitu vya kula.

Wajerumani wakaja, wakaleta kodi, na kodi inataka hela taslimu. Wamisionari wa Kikatoliki kule Kilema walikuwa wamepanda kahawa tangu miaka ya 1890. Reli kutoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911. Baada ya Vita vya Kwanza wenyeji wengi wakaanza kupanda kahawa yao wenyewe, walowezi wakalalamika weee, lakini wapi. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, ule ushirika ambao kila Mchaga wa umri fulani anautaja kama anataja ndugu.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo, maana utamu wote uko hapa.

Kihamba cha Kichaga kina mgomba juu na mbuni chini. Mgomba unaupa mbuni kivuli. Vyote viwili vinakula mbolea moja, ya ng'ombe wa zizi moja, na majani ya huyo ng'ombe yanabebwa kichwani na mama kutoka tambarare, kilomita na kilomita, kupanda mlima. Shamba moja, mbolea moja, jasho moja. Lakini ikifika kwenye hela, mgomba ni wa mama na mbuni ni wa baba. Mama anachuma kahawa, anasaidia kuimenya na kuianika, watoto wanaigeuza juani wakitoka shule, halafu kwenye daftari la chama cha msingi jina lililoandikwa ni la baba. Malipo ya kwanza, baba. Malipo ya pili, yale ya mwisho wa msimu yanayosubiriwa kama mvua, baba.

Siyo kwamba baba alikula peke yake. Hela ya kahawa ndiyo iliyoezeka bati badala ya majani ya mgomba. Ndiyo iliyosomesha, na huko mlimani kusomesha kulichukuliwa siriasi kuliko sehemu nyingi za nchi. Lakini ikibaki chenji baada ya bati na ada, mwamuzi wa chenji alikuwa mmoja. Na chenji ile ilinunua koti, saa ya mkono, baiskeli (ambayo kwa milima ile unaipanda kushuka tu, kupanda unaisukuma wewe), na kubwa kuliko zote, redio.

Baada ya Vita vya Pili bei ya kahawa ilipanda sana, na miaka ya 1950 mlima ulichangamka. Mwaka 1951 Dar es Salaam ikaanza kurusha matangazo. Halafu zikaja redio za transista, zinazotumia betri, na hapo mtu wa kijijini asiye na umeme akaingia mjini bila kupanda basi. Miaka ya 1960 Matsushita wakafungua kiwanda Dar, na jina National likawa ndo jina la redio na betri kwa nusu ya nchi. Philips nao walikuwa Arusha, pua na mdomo na Moshi.

Redio ile ilikuwa na sheria zake. Haiguswi na mtoto. Inafungiwa kabatini baba akisafiri, ufunguo anaondoka nao. Saa mbili usiku mzee kakunja nne, taarifa ya habari inasomwa, nyumba nzima kimya, hata anayekohoa anatoka nje. Betri zikichoka zinaanikwa juani juu ya bati ili zipate nguvu ya siku mbili zaidi. Majirani wanakuja na vigoda vyao kusikiliza matangazo ya vifo, kwa sababu ndiyo ilikuwa njia ya kujua nani kafariki Dar na mwili unafika lini. Watoto waliruhusiwa kipindi cha Mama na Mwana, kama mzee yuko kwenye mudi. Na mama? Mama aliisikia redio kutokea jikoni, kupitia ukutani, akikoroga mtori. Miaka na miaka aliisikia habari ya dunia ikiwa nusu, nusu nyingine imemezwa na moshi.

Yeye pochi yake ilikuwa nyingine. Mkungu unashuka sokoni asubuhi, Mwika, Marangu Mtoni au Kiboriloni, na jioni anapanda na chumvi, mafuta ya taa, sabuni, dagaa, daftari la mtoto. Hela ndogo ndogo, kila wiki, haina sherehe. Kahawa ilikuja mara moja au mbili kwa mwaka na kelele zake. Ndizi ilikuja kila siku ya soko na haikusifiwa na mtu. Ukikaa ukipiga hesabu kwa uaminifu, iliyozuia njaa ni ipi? Wazee wakiulizwa hili huwa wanabadilisha mada.

Kisha ikaja ile miaka ambayo ilionyesha wazi pochi ipi ina misuli. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vya ushirika, KNCU ikiwemo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa na mpaka wa Kenya ukafungwa. Vita vya Kagera vikafuata, na miaka ya mwanzo ya 1980 madukani hamna kitu. Sabuni hamna, sukari hamna, watu wanapanga foleni kwa mawe, unaweka jiwe lako unaenda kuendelea na kazi. Baba ana hela ya kahawa mfukoni na hakuna cha kununua nayo. Redio iko kimya kwa sababu betri ni dili.

Nani aliyejua njia? Kutoka Holili kwenda Taveta ni pua na mdomo, na Rombo yote imelala kwenye mpaka. Wanawake wa soko walizijua zile njia za panya, na walikuwa na kitu cha kubadilisha upande wa pili. Ndizi inaenda, sabuni na mafuta ya kupikia yanarudi, yamefichwa chini ya majani ya ng'ombe. Kahawa nayo ilivushwa kimya kimya. Mwaka 1983 serikali ikaendesha msako mkali wa wahujumu uchumi na watu wakatupa mali usiku, mitoni na vichakani. Lilikuwa jambo la hatari kweli, watu walifungwa. Novemba mwaka huo huo mpaka ukafunguliwa. Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao, mitumba ikamwagika, na ukitembea Memorial leo pale Moshi mjini ukaona akina mama wanavyopanga marobota, ujue hawakujifunza biashara semina.

Kahawa haikurudi kama zamani. KNCU ilirudishwa mwaka 1984, lakini Julai 1989 mfumo wa dunia wa kugawana mauzo ya kahawa ukavunjika na bei ikaporomoka. Mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, na ule utamaduni wa kusubiri malipo ya pili ukaanza kufa. Kuna waliong'oa mibuni wakapanda nyanya. Vijana, ambao vihamba vilishakuwa vidogo kwao, walikuwa wameshashuka mjini kufungua maduka, na hapo lugha ikafanya kituko chake. Utawala wa Wamangi ulifutwa mwaka 1963, lakini nenda mtaa wowote wa Dar uulize chumvi, utaambiwa "nenda kwa Mangi". Cheo cha mtawala kimekuwa cha mwenye duka. Rindi angesikia sijui angecheka au angekasirika.

Hao vijana ndio wanaopanda mlimani kila Desemba, ule msafara ambao nchi nzima inautania kwamba wanaenda kuhesabiwa. Miaka ya 1990 walipanda na TV za chogo, maana ITV ilianza mwaka 1994 na bila TV Krismasi haikuwa Krismasi. Kama hakuna umeme, inafungwa kwenye betri ya gari. Miaka ya 2000 wakapanda na simu. Na simu ya kwanza nyumbani, ulitegemea nini, alipewa baba. Aliiweka mfuko wa shati ili ionekane, akapanda nayo kwenye kichuguu kutafuta mtandao.

Mama alikuja kununua yake kimya kimya. Ile Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003, yenye tochi, kama vile aliyeibuni aliwahi kutembea gizani saa kumi na moja alfajiri na mkungu kichwani kwenda Mwika. Wenye pesa waliiita kitochi kwa dharau. Kwa mama ilikuwa tochi na saa, na juu ya hapo inapiga simu. Hela ilitoka kwenye ndizi na kwenye mchezo, ule wa akina mama kumi wanachanga kila wiki, mmoja anabeba.

Lakini kilichogeuza mambo kabisa siyo simu yenyewe. Zamani mtoto aliyeko Dar akituma hela nyumbani alimpa kondakta wa basi bahasha, na juu ya bahasha kaandika jina la baba. Heshima ndivyo ilivyotaka. Mwaka 2008 Vodacom wakaleta M-Pesa. Muamala hauendi kwenye jina la heshima, unaenda kwenye namba. Na mtoto anajua vizuri namba ipi ikipokea hela, usiku huo kuna mafuta ya taa na mgonjwa kapelekwa hospitali. Wazee kadhaa walinuna. Kuna nyumba mama alilazimika kuwa na laini mbili, moja ya baba kuijua, moja ya kufanyia kazi. Simu ilileta ugomvi mwingi tu, tusiipambe.

Na haikumwacha salama kwenye mfuko pia. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 2016 TCRA ilizima simu feki, na walioumia siyo wenye simu za bei mbaya. Ni yule aliyenunua ya bei poa stendi kwa hela ya mikungu kadhaa, akabonyezewa *#06# na mjukuu, akaambiwa bibi hii siyo halali. Sasa hivi zipo simu za kupangusa za mkopo, unalipa kidogo kidogo kila siku, ukichelewa inajifunga yenyewe. Mama wa ndizi anazielewa haraka kuliko mtu wa mshahara, kwa sababu hela yake imekuwa ya kila siku tangu enzi za magadi. Baba wa kahawa angeshindwa. Angewaambia wasubiri malipo ya pili.

Siku hizi jioni kule juu ukipita kwenye nyumba ya wazee wawili watoto wote wako mjini, mambo yako hivi. Redio iko juu ya kabati, kitambaa chake safi, kimefuliwa. Mama yuko barazani anamenya ndizi, simu imeegeshwa kwenye sufuria, inacheza taarifa ya habari kwa sababu na yenyewe ina redio ndani. Mzee yuko sebuleni, kakunja nne kama zamani, masikio hayako vizuri. Anasikia kama wametaja kahawa.

"Mama," anaita kupitia ukutani, "hebu ongeza sauti."