Damu Isiyoharibika: Kutoka Jokofu la Wodi hadi Mchikichini

Kabla ya 2004, mgonjwa wa Dar es Salaam aliyeishiwa damu aliwategemea zaidi ndugu zake. Mjomba au shemeji aliitwa, akapimwa kundi, akatolewa damu hospitalini hapohapo. Hospitali ya Muhimbili, iliyofunguliwa 1956 kwa jina la Princess Margaret, ilijihangaikia yenyewe. Hospitali nyingine vivyo hivyo. Kwa mtindo huo, chupa ya damu ingeweza kuisha muda katika hospitali moja huku ya jirani ikiikosa.

Mwaka 2004 ukazaliwa Mpango wa Taifa wa Damu Salama, kwa msaada wa Marekani. Kituo cha Kanda ya Mashariki kikawa Mchikichini, Ilala, pua na mdomo na Kariakoo.

Kazi kubwa ikawa kuhesabu siku. Chembe nyekundu, katika mfuko wenye dawa ya CPDA-1, hudumu siku 35 kwenye nyuzi 2 hadi 6. Chembe sahani ni siku 5 tu, tena zikitikiswa taratibu muda wote. Plazima ikigandishwa hufika mwaka. Ndiyo maana mfuko wenye tarehe ya karibu hupangwa mbele ya jokofu, utoke kwanza.

Wachangiaji wengi ni wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, akiba hushuka, na wahudumu huwafuata watu misikitini, makanisani na sokoni.