Jaribio lipi la fizikia linafaa kwa utafiti wa mazingira hapa Arusha?

Vijana wa sekondari za mjini na za kule Meru wananiuliza kila mara: tumeambiwa tufanye jaribio la fizikia nje ya maabara, kwenye mazingira yetu, sasa tuchague lipi? Naliweka jibu hapa kwa mkupuo ili kila mtu achukue.

Mimi naangalia kitu kimoja kwanza. Je, tofauti unayoitafuta ni kubwa kuliko kosa la kifaa ulichonacho? Kama themometa ya shule imegawanywa nyuzi moja moja, usihangaike na jambo ambalo tofauti yake ni nusu nyuzi. Namba utapata, lakini ni za bahati nasibu.

Mfano ninaousikia sana: "tutapima joto linavyopungua ukipanda mlima." Wazo zuri, na Meru yenyewe tunaiona kila asubuhi, mita zaidi ya 4,560. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 hivi kila mita 1,000. Haya, piga hesabu. Kutoka Usa River hadi Mnara wa Saa unapanda kama mita 200, yaani nyuzi 1.3 tu. Daladala imesimama Tengeru kungoja abiria, unafika mjini saa nzima baadaye, na jua peke yake limeshapandisha joto kuliko hizo 1.3. Hapo umepima saa, mlima hukuupima. Ukitoka lango la Momella, mita kama 1,500, hadi vibanda vya Miriakamba, mita kama 2,500, tofauti itaonekana bila ubishi. Ila uko ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha: kuna kiingilio, na hupandi bila askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Shule ngapi zinaweza?

Wengine wanataka kupima maji, na hili linatugusa maana meno ya kahawia ya huku kila mtu anayajua. Ni floridi kutoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na chemchemi nyingi za Meru zinapita hapo. Kwa mita ya fundi redio unaweza kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, ukalinganisha mto na kisima. Lakini mita inakuonyesha wingi wa chumvi zote kwa pamoja, haikwambii ipi ni floridi. Kwa hiyo fanyeni kama zoezi, ila jamani, msije mkamwambia mama mwenye watoto wadogo kuwa maji yake ni salama eti kwa sababu mita imesoma kidogo.

Ninalolipendekeza ni joto la udongo: shamba la migomba na kahawa lenye miti ya kivuli upande mmoja, na shamba tupu la mahindi baada ya mavuno upande wa pili. Mashamba hayo mawili mara nyingi yanapakana, hakuna nauli. Mchana wa jua kali uso wa udongo mkavu ulio wazi unaweza kupita nyuzi 40, na chini ya migomba ni baridi kwa nyuzi kumi au zaidi. Hata themometa ya bei rahisi inaiona.

Na fizikia imejaa humo. Kivuli kinazuia mnururisho wa jua. Majani makavu yaliyotandazwa chini yanazuia joto kupenya. Udongo wenye unyevu unapoza, maana kilo moja ya maji ikigeuka mvuke inakula kama kilojuli 2,400. Pima pia kwa kina: sentimita 2, 5 na 10. Utaona uso unafika kileleni mwanzoni mwa mchana, lakini kule sentimita 10 kilele kinachelewa kwa saa tatu hivi. Mbegu na minyoo wanaishi kwenye kina hicho, na hapo ndipo fizikia yako inapokutana na ikolojia. Na kwa kuwa mashamba ya migomba yanazidi kukatwa viwanja, matokeo yako yana maana hata kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kina lazima kiwe kilekile kila sehemu. Toboa kwa msumari mrefu ulioutia alama, ndipo uingize themometa. Usiisukume, itavunjika, na chagua ya spiriti, zebaki ni sumu. Hili la kina si dogo. Mnamkumbuka Erasto Mpemba, aliyeona mwaka 1963 akiwa mwanafunzi wa Magamba kwamba maziwa ya moto yaliganda kabla ya yaliyopoa. Alichekwa darasani, lakini mwaka 1969 yeye na Denis Osborne wa chuo kikuu Dar wakachapisha makala, wakati huo Mpemba akisomea wanyamapori Mweka, hapo Moshi tu. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza wakarudi kwenye jambo hilo na kuonyesha kwamba kuhamisha themometa sentimita moja tu juu au chini kunaweza kubadilisha matokeo. Ubishi haujaisha mpaka leo.

Soma mara tano kila sehemu, sehemu tatu kila shamba, siku tatu tofauti, makundi mawili kwa saa ileile. Kabla ya kuanza, tumbukizeni themometa zote kwenye ndoo moja ya maji muone kama zinakubaliana, maana za shule mara nyingi hazikubaliani. Zikitofautiana andikeni tofauti, mtaitoa baadaye.

Ombeni ruhusa kwa mwenye shamba. Mkitaka msitu wa kulinganisha, pembeni ya ziwa Duluti panafaa, ila ni msitu wa hifadhi, mwalimu aombe kibali mapema. Masika, Machi hadi Mei, achaneni nayo, na Juni hadi Agosti wingu linakaa mlimani hadi mchana. Septemba na Oktoba, mahindi yakishavunwa na jua lipo, ndiyo wakati wenyewe.