Kuvimba kwa Mshipa Mkuu wa Damu (Aota): Dalili, Kipimo na Upasuaji

Aota ni mshipa mkubwa kuliko yote inayotoa damu kwenye moyo. Hupinda kifuani, kisha hushuka mbele ya uti wa mgongo hadi karibu na kitovu, ambako hugawanyika kuelekea miguu yote miwili. Ukuta wake ukidhoofika, damu huusukuma kidogo kidogo kwa miaka, mpaka sehemu hiyo inatuna kama tyubu ya baiskeli iliyochoka. Madaktari huita hali hii aneurizimu. Si saratani, wala si ule "mshipa" ambao wengi wetu humaanisha ngiri.

Tumboni, aota ya kawaida ina upana wa sentimita 2 hivi. Ikifika sentimita 3 huhesabiwa kuwa imevimba. Wanaopatwa zaidi ni wanaume waliopita miaka 65, hasa waliovuta sigara, na wenye shinikizo la damu au ndugu wa damu aliyewahi kuugua. Kaswende isiyotibiwa nayo inaweza, baada ya miaka mingi, kuharibu aota ya kifuani.

Tatizo ni kwamba wengi hawahisi chochote. Wachache huhisi tumbo likidunda kama moyo, au maumivu ya mgongo yasiyoisha. (Mtu mwembamba anaweza kuhisi mdundo huo akiwa mzima kabisa, kwa hiyo usiogope kabla ya kupimwa.) Kipimo chenyewe ni ultrasaundi, mashine ileile inayomwangalia mtoto tumboni mwa mama. Hakiumi, na hakichukui muda. Tumbo linalodunda si la kukandwa wala kuchanjwa chale.

Si kila uvimbe hupasuliwa. Ukiwa mdogo, mgonjwa huacha sigara, hutumia dawa za shinikizo na hupimwa tena kwa vipindi. Kwa aota ya tumboni, upasuaji kwa kawaida hufikiriwa upana ukifika sentimita 5.5 kwa mwanaume, au 5 kwa mwanamke, kwa sababu hapo hatari ya kupasuka huanza kuzidi hatari ya upasuaji wenyewe.

Njia ya kwanza ni kufungua tumbo. Daktari hubana aota kwa muda, hufungua sehemu iliyovimba na kushona ndani yake bomba la kitambaa. Mabomba hayo yana historia yake: katika miaka ya 1950 daktari Michael DeBakey wa Marekani alishona yake ya kwanza kwa cherehani ya mkewe. Mgonjwa hulazwa wiki moja hivi, na nguvu hurudi baada ya miezi miwili au mitatu. Ndugu wajiandae kuombwa kuchangia damu.

Njia ya pili ilianzishwa na Juan Parodi huko Argentina mwaka 1990. Bomba lililokunjwa hupitishwa kwenye mshipa wa kinena na kufunguliwa ndani ya aota. Kidonda ni kidogo na mgonjwa hutoka mapema, lakini lazima apimwe maisha yake yote, kwani bomba linaweza kuvuja au kusogea. Si kila aota ina umbo linaloifaa njia hii.

Kabla ya hayo yote, mwaka 1948, Albert Einstein, mkimbizi kutoka Ujerumani, alifunguliwa tumbo na Rudolf Nissen, mkimbizi mwenzake. Nissen aliufunga uvimbe kwa karatasi ya selofeni ili uwe mgumu. Einstein aliishi zaidi ya miaka sita. Ulipopasuka Aprili 1955 alikataa upasuaji mwingine, akafariki akiwa na miaka 76.

Maumivu makali ya ghafla ya tumbo, mgongo au kifua, pamoja na jasho baridi, kizunguzungu au kuzimia, ni dharura. Usisubiri asubuhi, usimpe mgonjwa chakula, wala usimwache atembee. Mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu na mwombe rufaa ya haraka kwenda hospitali yenye daktari wa upasuaji. Kama alishawahi kuambiwa kuwa aota yake imevimba, semeni hivyo mlangoni, na mbebe karatasi za vipimo vyake.