Cha Kumwonyesha Mgeni Tunduma

Miaka michache iliyopita nilitembelewa na mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mvi, akiwa na mkewe. Walikuwa safarini kwenda Lusaka kwa gari lao. Karatasi za gari zilikuwa na kasoro ndogo, ikawabidi walale Tunduma siku mbili wakisubiri zirekebishwe. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya chai, yule mama, ambaye kwao ni Tanga, aliniuliza kwa adabu zote za pwani: "Baba, hapa kwenu kuna nini cha kumwonyesha mgeni?"

Nami, niliyefundisha somo la historia kwa zaidi ya miaka 30, nikacheka na kumjibu: "Mwanangu, Tunduma hakuna cha kuona. Kuna malori tu."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka jinsi nilivyokuwa nikichora ubaoni piramidi za Misri, kuta za Zimbabwe na msikiti wa Kilwa. Watoto walinakili, wakajibu mitihani, wakaondoka wakiamini kwamba historia ni kitu kilichotokea kwa watu wengine. Juu ya ardhi iliyokuwa chini ya madawati yao sikuwafundisha hata kipindi kimoja, ila kimoja tu, na hicho nitakisimulia mbele maana kilinitia aibu. Kulipokucha nikawaambia wageni wangu kwamba siku yao ya kusubiri wanikabidhi mimi.

Tulianzia mpakani, kwa miguu. Watu wengi huujua mpaka huu kwa foleni ya malori ya shaba na mafuta, na siku hizi kwa majengo ya kituo cha pamoja cha forodha, yaliyofunguliwa Oktoba 5, 2019 na Marais John Magufuli na Edgar Lungu. Hayo yanaonekana yenyewe. Mimi nilitaka wageni waone mstari wenyewe. Mahali pengine ni uchochoro tu kati ya vibanda, na mtu aweza kununua sukari huku akalipa kwa kwacha kule bila kutambua amevuka. Nikamwuliza yule mama: kwa nini mstari upite hapa, wala si maili 20 kusini au kaskazini? Hakuna mto hapa, wala safu ya milima inayotenganisha watu. Wanyamwanga wako huku na huku, lugha moja, misiba mmoja. Mimi mwenyewe nina shangazi yangu anayeishi Nakonde, na kwenda kumjulia hali ni mwendo mfupi kuliko kwenda sokoni.

Jibu ni njia. Mwaka 1881 tajiri mmoja wa Glasgow, James Stevenson, alitoa fedha ili ikatwe barabara kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa hadi ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, ili mizigo ya wamisionari na ya Kampuni ya African Lakes ipite kati ya maziwa hayo mawili. Kwa kweli haikuwa barabara ya kujivunia. Sehemu kubwa ilibaki kuwa njia iliyofyekwa tu. Hata hivyo, kwa njia hiyo wapagazi walibeba vipande vya meli ndogo iliyoitwa Good News, ikaundwa na kushushwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1885. Basi Waingereza na Wajerumani walipokaa Berlin na kutia sahihi mkataba wao wa Julai 1, 1890, Waingereza walishikilia kwamba Barabara ya Stevenson isiguswe. Kalamu ikapita kaskazini kidogo ya njia hiyo. Mwaka 1898 wapimaji wa pande zote mbili wakaja kuutia mpaka alama ardhini.

Vitabu vyetu vya shule hutaja mkataba ule kwa sababu ya Zanzibar na kisiwa cha Heligoland. Sikumbuki kitabu kilichowaambia watoto wa Tunduma kwamba mkataba huohuo ndio uliomfanya shangazi yangu kuwa mgeni. "Kwa hiyo," alisema mwanafunzi wangu, "tumegawanywa na njia ya miguu?" Nikamwambia ndiyo, na wapagazi walioikanyaga mpaka ikaonekana njia hawakuulizwa.

Kutoka pale niliwaelekeza kwa kidole upande wa ng'ambo, ilikokuwa Fife. Fife lilikuwa boma la Waingereza karibu na mpaka. Mwishoni mwa Oktoba 1918, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, akikimbizwa na majeshi yaliyomzidi mno kwa wingi, alipita na askari wake katika nchi ya Mbozi. Novemba 1 akaishambulia Fife, asiweze kuitwaa. Akaiacha, akashuka Kasama na kuiteka Novemba 9. Vita vilikwisha Ulaya Novemba 11, lakini habari ilimfikia siku mbili baadaye karibu na Mto Chambeshi, na silaha alizikabidhi Abercorn, yaani Mbala ya leo, Novemba 25. Ndiyo maana watu husema kwamba vita vile vikuu vilimalizikia huku kwetu.

Wasomaji wa Ulaya hupenda kisa hiki kwa sababu ya ushupavu wa jenerali. Sisi tuna kisa kingine. Jeshi la porini halina malori. Kila risasi na kila gunia la unga lilibebwa kichwani, na waliobeba walikuwa watu wa vijiji hivi, upande wa Mjerumani na upande wa Mwingereza vilevile. Ng'ambo waliwaita tengatenga. Walikufa kwa makumi ya maelfu katika Afrika Mashariki yote, wengi kwa kuhara, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Kaka mkubwa wa babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo ya Waingereza, hakurudi. Kando ya Mto Chambeshi kuna mnara unaokumbuka mahali jenerali alipopata habari za amani. Kaka wa babu hana hata kichuguu. Nilimweleza yule mama hayo kwa kifupi, maana jua lilikuwa linapanda, tukaenda kwenye reli.

Reli ya TAZARA haihitaji kusifiwa na mimi. Urefu wake ni kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, na kati ya hizo 975 ziko Tanzania. Sababu yake ilikuwa ni Rhodesia. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Wazungu wachache Novemba 11, 1965, Zambia, iliyokuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru wake, ilijikuta shaba yake na mafuta yake yako mikononi mwa adui. Lilikuja kwanza bomba la mafuta la TAZAMA, mwaka 1968. Nchi za Magharibi zilisema reli haitalipa. Wachina wakasema wataijenga, wakatoa mkopo usio na riba.

Agosti 1973 njia ya reli ilifika hapa Tunduma na kuvuka mpaka. Nilikuwa mwalimu kijana, sina miaka mingi tangu nitoke chuoni, nikawapeleka watoto wa darasa la sita kutazama. Nilichokishangaa si mashine. Nilishangaa kwamba wahandisi wa Kichina walivaa nguo zilezile na kofia zilezile kama vibarua wao, nisiweze kumtambua mkubwa ni nani. Kwa sisi tuliokuwa tumezoea bwana mkubwa mwenye kaptura iliyopigwa pasi, hilo lilikuwa somo kamili la siasa. Treni nyingine zimekuja na kupungua tangu hapo. Mabehewa yamechakaa, injini zimekuwa chache, na Septemba 2024 nchi tatu zimetia sahihi Beijing makubaliano mapya ya kuifufua. Yatakayotoka humo tutayaona. Lakini mgeni akija, mwambie ainame karibu na reli pale inaporuhusiwa, atazame ubavuni. Ataona maandishi ya Kichina yaliyopigwa katika chuma chenyewe. Yule mama aliinama, akayapapasa kwa kidole, akaandika kitu katika kidaftari chake.

Baada ya hapo tukapanda gari kuelekea Mbozi. Njiani aliuliza kwa nini mkoa unaitwa Songwe. Hili huwachanganya hata wenyeji. Mkoa ulizaliwa mwaka 2016 kwa kuumega Mkoa wa Mbeya, makao yake yakawa Vwawa. Lakini mito inayoitwa Songwe ni miwili: mmoja humwaga maji yake Ziwa Rukwa, mwingine Ziwa Nyasa, na huu wa pili ndio unaotutenga na Malawi. Nimewahi kusahihisha mtihani ambamo mtoto aliuunganisha ukawa mto mmoja unaotiririka pande zote mbili. Vwawa tulipita bila kusimama. Misheni ya Wamoraviani ya Mbozi, iliyoanzishwa mwaka 1899, inastahili siku yake, na mashamba ya kahawa ya Wanyiha pia.

Kimondo kipo Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Ni pande la chuma lenye urefu wa meta 3 hivi, jeusi la kukaribia kahawia, lenye vishimo kama vidole vilivyominya udongo. Si jiwe. Karibu asilimia 90 ni chuma na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli. Lilianguka kutoka angani zamani sana, kiasi kwamba hata shimo ambalo lingetazamiwa halionekani tena. Mwaka 1930 mpima ardhi mmoja, W. H. Nott, alilitangaza kwa ulimwengu, na vitabu vikaandika kwamba "aliligundua". Wanyiha walikuwa wakilijua siku zote. Wazee husimulia kwamba ulikuwa mwiko kulizungumza mbele ya wageni. Jambo linalonipendeza ni kwamba Wanyiha walikuwa mafundi wa chuma, wakiyeyusha udongo wenye madini katika tanuri zao, na hapa jirani pana chuma tupu kisichohitaji tanuri. Mwaka uleule mtaalamu wa miamba wa serikali, D. R. Grantham, alitaka kipande cha kupima, ikamgharimu kusugua kwa msumeno kwa muda wa saa 10. Nami nakiri kwamba nilipokuwa mwanachuo tulijaribu kukikwangua kwa kisu cha mfukoni. Kisu ndicho kilichoumia. Kiliwekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1967. Wakati wa kukichimbua, udongo uliachwa chini yake kama nguzo, kisha ukajengewa zege, ndiyo maana leo kinaonekana kama kimewekwa mezani. Sasa kiko chini ya Mamlaka ya Ngorongoro, na pana jengo la makumbusho.

Kijana aliyetuongoza alisema kwa ufasaha: uzito tani 16. Nikamsahihisha pale pale, mbele ya wageni: "Tani 25, kijana wangu." Akanieleza kwa heshima kwamba 25 ni makisio ya zamani, yamekuja kupunguzwa baada ya vipimo vizuri zaidi.

Mwanafunzi wangu akaanza kucheka, akashindwa kujizuia. "Mwalimu," alisema, "mwaka 1978 ulinichapa fimbo mbili. Niliandika tani 15."

Ndicho kipindi nilichokitaja pale mwanzo, kipindi changu kimoja cha historia ya nyumbani. Sikuwa nimekipima kimondo. Nilinakili namba kutoka katika kitabu, na aliyekaribia ukweli nikamchapa. Nilimwomba radhi, na yeye, kwa kuwa alilelewa vizuri, alisema fimbo hazikuuma. Mkewe alisema nyumbani hulalamika kwamba ziliuma sana.

Kesho yake asubuhi karatasi zao zilikuwa tayari. Nilikwenda kuwaaga kituoni. Yule mama alifungua kidaftari chake anisomee alivyoandika, nihakikishe tahajia: Stevenson, Lettow-Vorbeck, Smith, Nott, Grantham. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Baba, na yule mpagazi, kaka wa babu yako, aliitwa nani?"

Nikafungua kinywa, nikakuta sina jibu. Nyumbani kwetu alitajwa siku zote kama "yule wa tengatenga", na mimi, mwalimu wa historia, sikuwahi kuuliza zaidi ya hapo.

Nikachukua kitambulisho changu, nikaingia katika gari lao, tukavuka pamoja mpaka kwa shangazi yangu Nakonde. Ana miaka zaidi ya 90, macho yamefifia, lakini aliitambua sauti yangu mlangoni. Nilipomwuliza, alishangaa kwamba nimechelewa kiasi hicho kuuliza. Alilijua jina, na la mwenzake aliyechukuliwa naye siku ile, na mti waliokuwa wameketi chini yake. Yule mama aliandika yote, kisha akachana ukurasa mwingine, akanakili kwa ajili yangu.